Gari haliko kwenye barafu

Mhariri,

Karibu kila anayekaa mara ya kwanza mbele ya gemu ya mbio za magari kama Assetto Corsa au iRacing huinuka na lalamiko lile lile: gari linateleza kama liko kwenye barafu, kwa hiyo gemu yenyewe ni mbovu. Naomba nafasi kwenye safu ya wasomaji niseme kwamba utelezi huo una chanzo, ila mara nyingi chanzo si tairi.

Dereva wa gari la kweli huhisi kuserereka kwa makalio kabla macho hayajaona kitu. Mwili ukivutwa upande, mguu unaachia mafuta bila kungoja amri. Kwenye gemu kiti hakisemi lolote. Mgeni hubaki na macho, masikio na usukani, na hivyo navyo mara nyingi vimepangwa ovyo tangu gemu inapofunguliwa. Hapo watengenezaji wanastahili lawama.

Tuanze na macho. Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Macho yakiwa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, pembe halisi ya kuona ni nyuzi 53 kwa mlalo na 31 kwa wima. Gemu nyingi huanza na pembe pana zaidi, ili mtu aone dashibodi yote na vioo. Matokeo yake kona huonekana iko mbali, na mkia wa gari ukianza kuzunguka, mzunguko huo huonekana mdogo kwenye skrini. Mikono ikishtuka, gari limeshageuka. Ipunguze pembe. Siku mbili za kwanza utaona kama unachungulia kwenye bomba, kisha utazoea. Angalizo: Assetto Corsa hutaka namba ya wima, gemu nyingine hutaka ya mlalo. Ukizichanganya utapata vituko.

Kwenye usukani mambo ni machache. Usukani wa Logitech G29 huzunguka nyuzi 900, na namba hiyo iwe moja kwenye programu ya usukani na kwenye gemu. Nguvu ambayo mota ya usukani huirudisha mikononi usiipandishe hadi mwisho. Mota ikifika kikomo chake hutoa uzito ule ule, tairi ziwe zimeshika au zimeachia, na hiyo ndiyo habari pekee ambayo mikono ilikuwa inaisubiri.

Sasa breki, ambako ndiko kwenye kesi yenyewe. Tairi ina akiba moja ya kushika lami, na breki, usukani na mafuta vyote huchota humo humo. Mgeni hufika kwenye kona na kasi iliyozidi, anakanyaga breki yote na papo hapo anakata usukani. Tairi za mbele zinajifunga, na gurudumu lililojifunga haligeuzi gari hata uzungushe usukani mara ngapi. Gari linakwenda moja kwa moja hadi kwenye changarawe, naye anasema barafu! Dawa ni kukanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha kulegeza mguu kidogo kidogo kadiri usukani unavyoongezeka. Wengi wanajua kukanyaga; kuachia ndiko kunakochukua wiki nzima.

Kosa la pili hufanywa na mkono wa gia. Ukitoka gia ya nne ukaipiga ya pili wakati kasi bado kubwa, injini hulazimishwa kuzunguka kupita kiasi na huyavuta magurudumu ya nyuma kama breki ya mkono. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mazda MX-5, litageuka hapo hapo. Shusha gia moja moja, breki ikiwa imeshafanya kazi.

MX-5 hiyo nimeitaja makusudi. Haina nguvu nyingi, husema mapema inapoanza kuachia, na iRacing huwaanzishia wageni nayo. Wengi hukimbilia magari ya Formula 1 na njia ya Nordschleife ya Ujerumani yenye kilomita 20.832. Kwa dakika kumi utaiona kila kona ya huko mara moja tu, na hutajifunza hata moja. Njia ya Laguna Seca ya Marekani ina kilomita 3.6, dakika hizo hizo zinakupa mizunguko mitano au sita.

Tena ina mwalimu mkali, kona ya Corkscrew. Unaiendea ukipanda, huoni upande wa pili, kisha njia inakata kushoto na kurudi kulia, ikidondoka mita 18 hivi kwa jumla. Breki yote imalizike kwenye mpando, uzito ukiwa bado unakandamiza tairi. Ukichelewa hadi kileleni, gari linakuwa jepesi na magurudumu yanajifunga kwa breki ile ile iliyofaa mita chache nyuma.

Mzunguko wa kwanza pia usiuamini: tairi bado baridi. Kuhusu visaidizi, mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga uachwe kwa gari ambalo kweli linao. Kisaidizi cha kuzuia gari lisiserereke kizimwe mapema, maana kinayaficha makosa yote niliyoyataja.

Mashindano ya mtandaoni yangoje hadi uweze kumaliza mizunguko kumi mfululizo bila kutoka njiani. Kwenye iRacing kutoka nje ya njia ni alama 1 ya kosa, kupoteza udhibiti wa gari ni 2, na kugonga mwenzako kwa nguvu ni 4. Anayetafuta nafasi tatu kwenye kona ya kwanza, breki zikiwa baridi na magari yamebanana, huchota zote hizo kabla hata ya kona ya pili, na aliye mbele yake huchota pamoja naye.

Msomaji wako,
Mpenzi wa mbio za magari za kompyuta