Hawakugawiwa mashamba, ndugu msomaji

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba watumwa weusi wa Marekani walipoachwa huru "waligawiwa mashamba wakayachezea". Naomba nafasi nimjibu. Wakwe zangu hapa kaskazini mwa Florida ni vilembwe vya watu hao, na kila mwaka tunakwenda kufyeka makaburi yao.

Zile ekari 40 kwa kila familia anazozisikia zilitokana na amri ya Januari 1865 ya Sherman, jenerali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alishaanza kuwarudishia mabwana ardhi yao. Juni 1866 ndipo ikaja sheria ya kufungua ardhi ya serikali katika majimbo matano ya Kusini, Florida ikiwemo. Bure? Ulipe ada, ujenge, ulime, uishi papo hapo miaka mitano, ndipo upewe hati. Waliopigania Kusini katika vita hivyo walizuiwa kuomba hadi Januari 1867 ili watumwa wa jana wawahi, lakini wengi wa hao watumwa wa jana walikuwa wamefungwa na mikataba ya kulima mashamba ya watu hadi mwisho wa mwaka. Wangewahi saa ngapi? Nyingi ya ardhi iliyobaki ilikuwa kichanga cha misonobari na vinamasi. Mwaka 1876 sheria ikafutwa, wafanyabiashara wa mbao wakaingia.

Mababu wa mke wangu walifika kwenye hati, wakatenga pembe ya kuzikana. Vibao vya kaburi ni vya saruji waliyoimimina wenyewe, jina likachorwa kwa msumari kabla haijakauka. Kimoja N zake zote zimegeuka. Juu yake kuna makombe ya baharini, na vikombe na sahani za marehemu zilizovunjwa makusudi. Wataalamu wanaihusisha desturi hiyo na Wakongo, kabila la Afrika ya Kati. Mimi mtu wa Dar es Salaam nilikumbuka mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, ingawa hayo ni mambo mengine.

Shamba lenyewe halipo tena mikononi mwao, wala hakuna aliyelichezea. Wazee walikufa bila wosia, ardhi ikawa ya ukoo mzima bila mgawanyo. Ndugu mmoja akauza fungu lake kwa mgeni, mgeni akaenda mahakamani kuomba lote linadiwe, akalinunua yeye.

Sasa makaburi yamo ndani ya msitu wa mbao wa mtu. Sheria ya Florida inawapa jamaa haki ya kupita kuzuru, ila mwaka jana tulikuta geti lina kufuli jipya na mwenye ufunguo hapokei simu. Tunatafuta mpimaji ayaingize makaburi kwenye ramani kabla msitu haujauzwa tena.

Mwandishi wa barua ile akifika huku, karibu. Mapanga yapo.

Msomaji wenu,
Florida, Marekani