Mwanangu, kabla hujasaini hiyo kazi ya Mwanza

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara moja nikiwa jikoni na mara mbili nimekaa kitandani nimezima redio. Wiki tisa Mwanza, tamthilia, na wewe ndo muhusika mkuu. Hongera sana mama. Nimefurahi na naliandika hapa juu kabisa, usije ukafika katikati ukasema mama hajawahi kuipenda kazi yangu. Ila dakika zote zile sita hukusema kitu kimoja. Mtoto je? Ana miezi minne na nusu, atanyonya wapi?

Nimemuuliza kaka yako akasema labda utamuacha kwangu. Kumbe kaka yako anajua, dairekta anajua, mimi ndo wa mwisho. Haya. Kumlea mjukuu kwangu sio mzigo, yule ni mume wangu na nafasi yake kitandani ipo, ila mimi sina maziwa. Kliniki si walikwambia miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe? Imebaki mwezi na nusu tu mwanangu.

Na usinijibu kwamba hata wewe ulilelewa na bibi Kilosa na umekua. Najua ulilelewa na nani na najua kwa nini. Siku nilivyokuja kukuchukua ulivyojificha nyuma ya khanga ya bibi yako, wewe unajua kwa kusimuliwa, mimi niliona kwa macho yangu. Kiwandani sikuwahi hata kuuliza kama mwenye mtoto anaweza kutolewa shifti ya usiku, niliogopa kupoteza kazi nikanyamaza, labda wangekubali, labda wangekataa, sitajua tena.

Kwa hiyo wewe uliza. Binti wa jirani kanisomea sheria ya kazi ya mwaka 2004, mama aliyeajiriwa ana likizo ya siku 84 na akijifungua mapacha 100, akirudi kazini kila siku anaruhusiwa hadi masaa mawili ya kunyonyesha. Nyie waigizaji mnachukua kazi moja moja, prodyuza atakwambia wewe sio mwajiriwa wake, ndo maana nataka iandikwe kwenye mkataba. Waandike kwamba mtoto anakuja lokesheni, kwamba chumba na nauli ya dada wa kumshika mtoto ni juu yao, na kwamba sini zako hazipangwi toka alfajiri mpaka usiku bila muda wa kunyonyesha. Kama ni kukataa wakatae ukiwa bado Dar, sio uko Mwanza matiti yamejaa na mtu anapiga kelele ekshen.

Ukikamua, maziwa nje ya friji usiyapitishe masaa manne na kwa joto letu hili hata hayo mengi, kwenye friji siku nne. Kadi ya kliniki usiiache, apimwe uzito hukohuko kila mwezi. Na neti mwanangu, huko ziwani mbu wapo.

Pale soko la Kingalu mama wa mchicha siku hizi ananiongezea fungu kwa ajili yako. Anasema ulivyolia kwenye ule msiba wa kwenye tamthilia na yeye alilia, akaniuliza nilikupeleka chuo gani nikamwambia Bagamoyo. Nilisema hivyo, nilikupeleka. Hela ya shangazi yako na ile fomu niliyoificha sikumwambia.

Halafu ile kozi yako ya kuandika skripti mbona imekuwa kimya tangu ujifungue? Usiiache. Hata jioni mbili kwa wiki, kuandika unaweza ukaandika nyumbani mtoto kalala pembeni, hakuna wa kukuita saa kumi usiku ukapakwe mekap. Na NSSF wanapokea hata waliojiajiri, nilishakwambia, ukasema utaenda. Hujaenda.

Kama dada wa kuaminika hapatikani nitakuja mimi Mwanza. Nasema kweli. Nishawaza, kuku nitamwachia mke wa kaka yako, baba yako mguu umepungua kuvimba na ugali anajua kusonga, mboga nitamkaushia. Kinachonisumbua ni jikoni, ile hela uliyotuma ilinunua mabati sita na fundi kapiga manne akaondoka, anasema misumari imeisha, na pale pasipopigwa mvua inaingia mpaka kwenye gunia la mchele nimelihamishia chumbani kwako. Usitume hela nyingine, nunua vitu vya mtoto, fundi nitamfuata mwenyewe.

Jumamosi nakuja. Tangu hii treni ya umeme ianze 2024 Dar imekuwa karibu, nauli 13,000 ninayo. Nitabeba neti na vitenge viwili vya kubebea mtoto, vile laini, usinunue vingine. Mkataba usisaini mpaka nifike, nisomee wote, hata yale maandishi madogo ya mwisho, nataka nisikie mtoto ameandikwa wapi. Kama una shuti siku hiyo usije kunipokea, nitachukua bajaji kutoka Stesheni, funguo mwachie dada wa pale chini. Funguo tu. Mtoto nenda naye.

Mama yako
Morogoro