Ule mlio wa tik tik kwenye pikapu sio uzee wa gari

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo nimekaa nalo tangu mvua zilivyoanza na kila nikiligusa kijiweni naambiwa aah gari imezeeka tu hiyo.

Mi nafanya biashara ya nyanya, nazitoa Ilula nashusha Morogoro na pikapu yangu ya petroli, dabo kabini. Ilianza asubuhi asubuhi, ukiwasha gari ya baridi unasikia tik tik tik kama cherehani huko chini ya boneti, ukitembea kilomita mbili tatu injini ikapata moto mlio unapotea. Fundi wa kwanza akasema tapeti. Baadae gari ikaanza kula mafuta, taa ya chek injini ikawaka, nikabadilisha plagi zote nne, nikabadilisha na sensa ya oksijeni, hela ya nyanya ya wiki mbili ikaishia hapo na taa ikarudi vilevile. Kumbe sensa ilikuwa nzima kabisa. Gasketi ya manifoldi, lile bomba la kwanza linalopokea moshi kutoka kwenye injini, ndo ilikuwa imeungua, moshi unatoka kwa kupigapiga na kati ya pigo moja na jingine hewa ya nje inaingia pale kwenye upenyo, sensa inaona oksijeni nyingi inajua injini inapata mafuta kidogo, basi kompyuta ya gari inaongeza. Yaani unalipia petroli kwa sababu ya gasketi.

Ila hela sio kilichonifanya niandike.

Siku moja tunarudi kutoka Morogoro, jioni, tunapanda mlima Kitonga mvua inanyesha vioo vyote juu, mbele malori yamejipanga na mi nyuma yao gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Mama watoto yuko pembeni yangu, binti yetu wa miaka 6 kalala siti ya nyuma. Mama watoto akaanza kusema kichwa kinamgonga, na mimi changu kizito nikajua ni uchovu, akageuka kumwamsha mtoto, mtoto akaamka analegea akatapika hapohapo. Tukasema malaria hiyo. Nilivyopata pa kusimama tukashuka tukakaa naye nje chini ya mwavuli, kama robo saa hivi akaanza kuongea, akaomba maji. Zahanati wakampima, malaria hamna. Nesi akaniuliza, baba, mlilala na jiko la mkaa ndani? Nikamwambia hapana sisi tumetoka safari. Akaniuliza tena, na gari vioo mlifunga?

Usiku ule sikulala. Asubuhi nimefungua boneti na tochi nikaangalia manifoldi pole pole, nikakuta pale silinda ya mwisho, upande wa kwenye kabini, stadi moja, zile bolti zinazoshikilia manifoldi, imekatika na pembeni yake masizi meusi yamejichora kama ulimi kwenye hedi, kile kichwa cha injini. Na shibri moja kutoka hapo kuna tundu linalopitisha waya kwenda ndani ya kabini, ule mpira wake ulishadondoka siku nyingi. Moshi ulikuwa na mlango wake.

Gesi yenyewe ni kaboni monoksaidi, ileile ya jiko la mkaa inayomaliza watu wamelala huku kwetu kwenye baridi. Haina rangi haina harufu, inang'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Na moshi unaovujia kwenye manifoldi haujafika kwenye masega, kile kifaa cha kwenye bomba la ekzosi ambacho ndo kinapunguza sumu, ni moshi mbichi. Wale waliouza masega yao kwa wanunuzi wa mtaani gari zao zinatoa moshi mbichi mpaka mwisho wa bomba, wakibeba watu nyuma chini ya kanopi na mlango wa nyuma uko wazi moshi unavutwa kuwarudia. Naona vibarua wa mashambani wanabebwa hivyo, roho inaniuma.

Mafundi wetu nawaheshimu sana ila hapa nawasema. Manifoldi nyingi ni chuma cha kasti, ukiichomelea na fimbo za kawaida bila kuipasha moto kwanza inapasuka tena pembeni ya ulipochomelea. Manifoldi ya nusu mita ikipanda joto nyuzi 600 inarefuka zaidi ya milimita 3, huku hedi inapozwa na maji hairefuki hivyo, ndo maana stadi za mwisho mwisho zinakatika mwanzo. Sasa wewe unatoa stadi unaweka bolti ya kawaida ya kwenye kopo, gasketi ya zamani unairudisha na silikoni, unaanza kukaza pembeni badala ya katikati, itakaa mwezi? Na ekzosi ambayo mipira yake imekatika msiifunge na waya wa kufungia fensi, uzito wote kwenye barabara zetu unaning'inia kwenye manifoldi. Sisemi Hilux au Navara au L200, zote zinafanya hivyo zikichakaa.

Stadi yangu ilivunjikia ndani. Fundi mmoja akapitisha drili kombo akala hedi. Wa pili, mzee mmoja, akachomelea nati juu ya kile kisiki, akaacha kipate moto chenyewe, akazungusha taratibu kikatoka. Nusu saa.

Ombi langu ni kwa wanaokagua magari. Mnaangalia taa, tairi, breki, waipa, sawa, basi gari ikija iwashwe ikiwa baridi mfungue boneti msikilize. Maji ya sabuni yakimwagiwa pale kwenye maungio injini ikiwa imetoka tu kuwashwa haijapata moto, kama panavuja mtaona mapovu, haizidi dakika tano. Na wenzangu wenye pikapu, mkifika nyumbani leo angalieni na ile mipira ya matundu ya waya. Mi ya kwangu niliipata kwa muuza spea za mtumba, bei ya soda.

Msomaji wenu,
Ilula, Iringa