Sola begani si dawa ya Rwenzori

Mhariri,

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho huleta wapandaji wengi Kasese, wakielekea Nyakalengija na Kilembe, na siku hizi wengi wana paneli ya sola inayoning'inia nyuma ya begi. Naomba nafasi niizungumzie, maana orodha za vifaa wanazopewa husema tu "beba chaja", basi.

Paneli ya kukunja ya wati 10 hukaribia wati hizo ikitazama jua kali bila kizuizi. Begani, katikati ya mianzi na ukungu, haitoi kitu cha maana. Seli zake kwa kawaida zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo mkanda wa begi ukifunika seli moja tu, umeme wa paneli nzima huporomoka. Mlima Elgon kuna afadhali. Jua likipatikana, ilaze paneli chini, bapa: hapa tuko ikweta, jua la saa sita liko karibu na utosini, na ushauri wa kuiinamisha ni wa Ulaya. Chaji pawabenki kwanza, si simu, kwa sababu wingu likipita simu hukata na nyingine hazianzi tena zenyewe. Pawabenki iwe kivulini. Joto huiua betri upesi.

Kwa safari ya siku nane, umeme wa kutegemea ni ule uliopanda nao. Watu hukosea hesabu wakigawanya mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 20,000 za pawabenki kwa 5,000 za simu na kupata chaji nne. Pawabenki ya mAh 20,000 ina volti 3.7 ndani, yaani wati-saa 74. Kuzigeuza kuwa volti 5 na kuziingiza kwenye simu hupoteza karibu sehemu moja ya tano, zikabaki kama 60. Simu ya mAh 5,000 hula wati-saa 19. Jibu ni tatu. Zinatosha, mradi simu iwe katika hali ya ndegeni mchana kutwa. Kinachoimaliza bondeni ni kutafuta mtandao usiokuwepo. GPS na ramani uliyopakua mapema hufanya kazi bila mtandao.

Ila hakikisha hizo 20,000 zipo kweli. Madukani zimejaa pawabenki zilizoandikwa 50,000 na nyepesi kama kiberiti. Ipime kwenye mizani ya duka: ya kweli ya 20,000 mara nyingi huzidi gramu 300. Kisha, nyumbani, ijaze na uhesabu inaijaza simu mara ngapi.

Baridi ndiyo inayowashangaza wengi. Kambi ya Elena iko mita 4,541, na usiku maji huganda. Betri ya lithiamu ikipoa hutoa umeme kidogo, na simu iliyoonyesha asilimia 40 huzimika ghafla. Umeme haujapotea, iweke kifuani, ikipata joto itawaka. Kosa kubwa ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri: lithiamu hujitandaza juu ya elektrodi na betri haiponi tena. Usiku simu na pawabenki zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Ukiingia kambini kutoka kwenye baridi, ziache kwanza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ili mvuke ugeuke maji nje ya plastiki na si ndani ya tundu la chaji. Tundu likilowa, usichomeke waya: umeme juu ya maji hula shaba ya pini. Likung'ute, liache likauke lenyewe. Mchele hausaidii, huacha vumbi tu.

Mwisho, tochi ya simu isihesabiwe kuwa tochi. Safari ya Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, huanza gizani, na mikono yote miwili ina kazi. Vaa tochi ya kichwani yenye betri za lithiamu zisizoweza kuchajiwa upya, tofauti na za simu, zinazostahimili baridi kuliko zile za kawaida za alikalini, na seti moja ya akiba. Waya za kuchajia pia ziwe mbili; huko juu, kambini Bujuku, hakuna duka.

Mwongoza wapandaji,
Kasese