Mgeni wako ana pasipoti ya Hispania: mambo ya kukagua kabla hujamwombea viza

Mhispania anayekwenda Ureno, Ufaransa au Italia hahitaji hata pasipoti. Anatembea na kitambulisho chake cha taifa, kile wanachokiita DNI, na kinatosha. Ndiyo maana wageni wengi kutoka Hispania hukata tiketi ya Kilimanjaro au Zanzibar kwanza, na habari ya pasipoti na viza huja baadaye, wakati mwingine baadaye sana. Sisi ni wakala wa maombi ya viza, na haya tumewaandikia wateja wetu wanaowapokea: wenye kampuni ndogo za utalii, wenye nyumba za wageni, shule na vituo vinavyochukua watu wa kujitolea, na familia zenye mkwe Mhispania.

Sheria yenyewe si ngumu. Kuingia Tanzania Mhispania anahitaji viza. Ya matembezi ya kawaida, ya kuingia mara moja, ni dola 50 za Marekani, na anaweza kukaa hadi siku 90. Anaweza kuiomba mtandaoni au kuichukua akishatua kwenye viwanja vikubwa vya ndege. Kinachowakwamisha watu ni ujazaji wa fomu na mpangilio wa safari, na makosa ni yaleyale kila msimu.

Majina mawili ya ukoo

Fungua ukurasa wenye picha. Penye neno Apellidos utaona majina mawili, si moja. La kwanza kwa kawaida limetoka kwa baba na la pili kwa mama, ingawa wazazi wanaweza kukubaliana la mama litangulie. Penye Nombre ndipo lilipo jina lake mwenyewe, na mara nyingi nalo lina maneno mawili au matatu. Chukua jina la mfano: María del Carmen García Núñez. Kwa mazoea yetu jina la mwisho ndilo la ukoo, hivyo anayejaza fomu anaweka Núñez kwenye nafasi ya ukoo, na García analisukumia kwenye majina mengine. Viza inatoka kwa mtu ambaye hayupo.

Dawa yake iko chini ya ukurasa huohuo, kwenye mistari miwili ya herufi inayosomwa na mashine. Kwenye pasipoti ya mgeni wetu wa mfano, mstari wa kwanza utasomeka hivi:

P<ESPGARCIA<NUNEZ<<MARIA<DEL<CARMEN

ESP ni Hispania. Alama mbili zinazofuatana, <<, ndizo mpaka: kila kilicho kushoto kwake, baada ya ESP, ni ukoo, kila kilicho kulia ni majina yake mwenyewe. Hapo huna haja ya kukisia. Ukoo ni GARCIA NUNEZ, yote mawili, kwenye kisanduku kimoja. Vialama vya juu ya herufi vimeondolewa na ñ imekuwa n, nawe andika hivyohivyo, maana mifumo mingi ya maombi haipokei herufi hizo. Angalizo moja tu: mstari huo una nafasi 44, kwa hiyo jina refu sana hukatwa. Ukiona herufi zimefika mwisho bila alama za kujazia, malizia jina kwa kulisoma juu.

Mwanamke wa Kihispania haachi jina lake anapoolewa. Mume na mke watakuwa na koo tofauti kabisa, na mtoto wao atachukua la kwanza la baba na la kwanza la mama, kwa hiyo hatalingana kikamilifu na yeyote kati yao. Tumeona fomu ambazo mwenyeji mwema "amewasawazisha" wote wakawa na ukoo mmoja. Usifanye hivyo. Kila mtu na jina lililo kwenye pasipoti yake.

Namba mbili kwenye ukurasa mmoja

Pasipoti ya Hispania ina namba yake, herufi tatu zikifuatwa na tarakimu sita. Ukurasa huohuo umeandikwa pia namba ya DNI, tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Mgeni anayeijua DNI yake kwa kichwa, kama wote wanavyoijua, ukimwuliza namba kwa simu anakutajia hiyo. Viza ikitoka na namba ya DNI haina kazi. Kwa hiyo usipokee namba kwa maneno. Pokea picha ya ukurasa, mistari miwili ya chini ikiwa mizima, bila mwanga wa taa kufunika sehemu yoyote. Kisha angalia kama kilicho mbele yako ni herufi O au sifuri. Herufi zinatangulia, tarakimu zinafuata. Alama ya nne na kuendelea haiwezi kuwa O.

Viza na vibali vya mtandaoni hufungwa na namba ya pasipoti. Akibadilisha pasipoti baada ya kibali kutoka, anapata namba mpya na kibali cha zamani kinabaki kwenye kitabu ambacho hakitumiki tena. Ndiyo sababu tunaanza na tarehe ya kuisha, kabla ya kitu kingine chochote. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele tangu siku ya kuingia.

Hapa watoto ndio huwaponyoka wazazi. Mhispania wa miaka 30 na kuendelea anapewa pasipoti ya miaka 10, aliye chini ya miaka 30 anapewa ya miaka 5, na mtoto wa chini ya miaka 5 anapewa ya miaka 2 tu. Baba anakagua yake, anaona bado ina miaka 7, anatulia. Ya mtoto inakwisha Oktoba na safari ni Agosti. Akiwa Hispania tatizo hili si kubwa: anaweka miadi ofisi ya polisi wa taifa, analipa euro 30, na kwa kawaida anaondoka na pasipoti siku hiyohiyo. Lakini miadi yenyewe huwa adimu karibu na likizo za kiangazi, kwa hiyo mwulize mapema, na umwulize kuhusu kila mmoja kwenye familia.

Nchi ipi inatangulia

Mpangilio wa nchi kwenye ratiba ndio unaoamua nusu ya karatasi. Tanzania haimwombi cheti cha chanjo ya homa ya manjano, yaani kadi ya njano, mtu anayetoka Hispania moja kwa moja. Inamwomba anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo akibadilisha ndege. Sharti hili linaanzia umri wa mwaka mmoja. Kenya imo kwenye orodha, Ethiopia imo. Kwa hiyo mgeni anayepitia Addis Ababa na kuunganisha ndege baada ya saa 3 yuko salama; aliyechukua tiketi ya bei nafuu akalala uwanjani saa 14 anahitaji kadi ya njano. Na yule wa Nairobi, Maasai Mara, halafu Namanga kuelekea Serengeti, anaihitaji bila mjadala. Anayeidai ni ofisa wa afya, si wa uhamiaji, kwa hiyo viza nzuri haimsaidii hapo.

Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akasafiri Ijumaa ana kadi, lakini haijaanza kazi. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Mgeni mwenye kadi ya mwaka 2009 asichanjwe upya. Hispania chanjo hii hutolewa na vituo maalumu vya chanjo za wasafiri, kwa miadi. Uganda inaitaka kwa kila mgeni wa mwaka mmoja na kuendelea, popote atokako.

Kenya iliacha viza Januari 2024, na sasa inatumia kibali cha kusafiri cha mtandaoni, eTA. Ni dola 30 kabla ya makato ya kadi, na majibu husemwa ni siku 3 za kazi. Anaombewa kila msafiri, hata mtoto mchanga. Ipo pia viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90, kuingia na kutoka mara nyingi. Jina lake linawapoteza watu wengi, kwani inahusu Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Tanzania haimo. Mgeni anayefika mpaka wa Namanga au Sirari na viza hiyo mkononi atalipa dola 50 nyingine. Inaombwa kwenye nchi atakayoingia kwanza kati ya hizo tatu.

Zanzibar ina jambo lake. Tangu 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu siku 92. Bima aliyokuja nayo kutoka Madrid, hata kama ni kubwa zaidi, haichukui nafasi ya hii. Waliotoka Arusha kwa ndege ndogo nao wanahusika, na ndio wanaosahau, kwa kuwa wameshagongewa muhuri bara na wanaona mambo ya kuingia nchini yamekwisha.

Wanaokuja kujitolea

Hili tunalisema kwa uzito kwa sababu linawaumiza watu wazuri. Kila Julai na Agosti vijana wa Kihispania, walimu na madaktari, huja Moshi, Arusha na kwingineko kufundisha au kutibu bila malipo, na wengi huambiwa "chukua tu viza ya utalii". Viza ya matembezi hairuhusu kazi, na kwa Uhamiaji kujitolea nako ni kazi hata kama hakuna mshahara. Akikutwa darasani ameshika chaki, yeye na kituo kilichompokea wote wana kesi ya kujibu. Kwa kazi fupi isiyozidi miezi 3 kuna viza ya biashara ya dola 250. Kwa muda mrefu zaidi kuna kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wamisionari, wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Maombi haya yanahitaji barua ya taasisi inayompokea na nakala ya usajili wake. Kituo kisichosajiliwa hakina cha kuambatanisha, na hapo hatuwezi kuwasaidia mpaka usajili upatikane.

Kijana wa chini ya miaka 18 anayesafiri bila mzazi wala mlezi wa kisheria anatakiwa na Hispania yenyewe awe na tamko la ruhusa ya safari, ambalo mzazi husaini mbele ya polisi au mthibitishaji wa nyaraka. Makundi ya shule na parokia yakumbushwe.

Wateja wetu wenye pasipoti hiyo wenyewe

Wapo Waswahili waishio Barcelona na Madrid waliokwisha kupata uraia wa Hispania, na hutuuliza kuhusu safari za kwingine. Kwa ufupi: Uingereza haipokei tena DNI tangu Oktoba 2021, na tangu 2 Aprili 2025 inataka kibali cha ETA, ambacho wiki iliyofuata kilipanda kutoka pauni 10 hadi 16. China imewaruhusu kukaa siku 30 bila viza hadi 31 Desemba 2026. Marekani wanatumia kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA, ambacho ada yake ilipanda hadi dola 40 tarehe 30 Septemba 2025, siku 90 kwa kila safari. Lakini aliyefika Somalia, Yemeni, Sudani, Libya, Iran, Iraki, Syria au Korea Kaskazini tangu 1 Machi 2011, au Kuba tangu 12 Januari 2021, hapati ESTA, isipokuwa wachache waliokwenda kwa utumishi wa serikali au jeshi. Mwenye ndugu Mogadishu au Hadhramaut aliyekwenda kuwasalimu analijua hili siku anapokataliwa. Njia yake ni viza ya ubalozini, ada ya maombi dola 185, na foleni ya usaili.

Tovuti na ada

Tovuti ya viza ya Tanzania ni visa.immigration.go.tz, na ya Kenya ni etakenya.go.ke. Tazama mwisho wa anwani: .go.tz, .go.ke. Mgeni akitafuta kwa Kihispania, zinazotangulia mara nyingi ni za mawakala binafsi walioiga rangi na nembo za serikali, wakitoza mara mbili au tatu. Sisi nasi ni wakala, kwa hiyo tunasema wazi: kwenye risiti yetu ada ya serikali iko mstari wake na ada yetu iko mstari wake. Fomu unaweza kuijaza mwenyewe bila kutulipa chochote.

Ukituachia sisi, tuma wiki 4 kabla ya safari picha ya ukurasa wa pasipoti wa kila msafiri, picha ndogo yenye mandhari meupe, tiketi ya kuja na kurudi, na ratiba inayoonyesha nchi kwa mfuatano, pamoja na saa za kusubiri kila uwanja. Tupe barua pepe ambayo mgeni anaifungua kila siku, na mwambie akague pia folda ya barua taka, maana majibu ya viza huangukia huko. Ratiba ikibadilika baada ya hapo, hata kama ni Nairobi kuwekwa mbele ya Arusha tu, tujulishe siku hiyohiyo, ili kama kadi ya njano itahitajika zile siku 10 ziwe bado zipo.