Miguu kwenye beseni

Columbus, Ohio
21 Septemba 2025

Somo yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe pamoja na mama na watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Uliponiuliza kwenye simu mbona sauti yangu imepoa, nilikujibu kwa mkato na kukata simu, nawe hukustahili jibu lile. Ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia.

Unajua kwamba najiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria huku Marekani. Wewe uliingia Mlimani kusoma sheria moja kwa moja kutoka kidato cha sita, kwa matokeo yale yale ya Necta. Huku sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi hutaka kwanza alama ya mtihani huu, ambayo huanzia 120 na kuishia 180. Ajabu yake ni kwamba hauulizi sheria hata kidogo. Una sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za mantiki na moja ya ufahamu ndizo zinazohesabiwa, na nyingine moja ni ya majaribio tu, ila mtahiniwa haambiwi ni ipi. Yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na zamu, yaliyowatoa wengi jasho, yaliondolewa Agosti 2024, kwa hiyo sasa uzito mkubwa uko kwenye mantiki.

Nikupe mfano niliojitungia. Kila anayevuka na pantoni ya Kigamboni hulipa nauli. Jirani yako amelipa nauli. Basi jirani yako amevuka na pantoni. Wewe wakili utacheka, kwa kuwa huenda nauli aliyolipa ni ya daladala. Sasa vika hoja hiyo maneno ya wanajiolojia au ya wahakiki wa muziki, ongeza majibu matano yanayofanana kama mapacha, kisha mpe msomaji muda usiofika dakika moja na nusu. Hapo kukariri hakukusaidii kitu.

Nami, somo, nilikwenda nao kwa kukariri. Unakumbuka tulivyopiga msuli bwenini, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usituchukue, tukimeza Historia ukurasa kwa ukurasa? Tulifaulu, nikaamini kwamba beseni ndilo lililotufaulisha. Tangu Mei nikawa nafanya kazi ya ukalimani hospitalini mchana kutwa, nikirudi nakula kwa kusimama, halafu naketi na maswali hadi saa saba usiku. Kila siku ya mapumziko nilifanya jaribio zima, na nikishaona alama nililifunga bila kuchunguza nilikosea wapi, kwa sababu nguvu za kuchunguza sikuwa nazo. Nilianza na 148, nikapanda hadi 158 mwishoni mwa Julai, kisha nikashuka: 155, 153, 153. Kila niliposhuka niliongeza saa za kusoma.

Kilichonishtua hakikuwa alama. Siku moja namkalimania mama mmoja kutoka Bukavu, akasema, "Nilikunywa dawa, maumivu yakaisha." Badala ya kutafsiri nikanyamaza, nikitafuta kosa la hoja: je, ni dawa iliyoondoa maumivu, au yaliisha yenyewe? (Cheka tu, hata mimi sasa nacheka.) Baadaye daktari akataja nyongo, nikasahau kabisa neno la Kiswahili, mimi niliyelelewa na bibi wa Kigamboni! Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kudhibitiwa, si ugonjwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na kujiona huwezi tena. Maelezo hayo ni ya kazini, si ya masomo, lakini niliposoma ile ya pili nilijiona. Nilikuwa nimefikia kuwachukia hata watu wasiokuwepo walioandika vifungu vya ufahamu.

Nilifunga kila kitu kwa siku kumi na mbili. Siku nne za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko kusoma, maana nililala huku nikijiona mwizi. Sasa nasoma dakika tisini asubuhi kabla ya kazi, na usiku sigusi kitu. Jaribio zima ni moja kila wiki mbili. Siku zilizobaki nachambua makosa kwenye daftari, nikiandika kwa Kiswahili kwa nini jibu langu lilinivutia na kwa nini lile sahihi ni sahihi. Kuandika kwa lugha yetu kumenisaidia zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu siwezi kujificha nyuma ya msamiati. Jaribio la kwanza baada ya mapumziko lilinipa 157. Bado sijafika hata pale nilipokuwa Julai, ila nilimaliza bila kichwa kuniuma.

Nimeuhamisha mtihani kutoka Novemba hadi Januari, na ada ya kubadilisha tarehe nimelipa. Hilo lina gharama yake nyingine: vyuo vingi huamua maombi kadiri yanavyofika, na anayechelewa hukuta nafasi zimepungua. Baba bado sijamwambia, kwa kuwa ameshawatangazia watu msikitini kwamba nafanya Novemba. Ukikutana naye, naomba uniachie mimi nimwambie.

Jumamosi nina jaribio, nitamaliza saa nne na nusu asubuhi, ambayo kwako ni saa kumi na moja na nusu jioni. Nitakupigia saa kumi na mbili. Alama usiniulize, nieleze kesi yako ya kiwanja imefikia wapi.

Ni mimi,
Somo yako