Mlima unaonguruma chini ya sikio

Mheshimiwa Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika wiki iliyopita kwamba kuingiza kompyuta katika fanfare, yaani bendi ya vyombo vya kupuliza, ni kuwanyang'anya wapigaji kazi yao. Kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wanaofanya jambo hilo hapa Goma, naomba nafasi ya kumjibu.

Volkano yetu, Nyiragongo, hutoa sauti ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzisikia, ingawa tunalala chini yake kila usiku. Lava inapochemka na gesi kupasuka ndani ya kreta, hewa hutikisika polepole mno, pengine hata chini ya mara 1 kwa sekunde, ilhali sikio la mwanadamu huanza kusikia kwenye mitikisiko 20 hivi. Hakuna chombo cha fanfare kinachofika huko. Kompyuta huiharakisha rekodi mara 100, na mtikisiko wa nusu kwa sekunde unakuwa 50, karibu kabisa na noti ya sol ya chini ya tuba, chombo chetu kikubwa chenye sauti nzito, huku saa nzima ya mlima ikipita kwa sekunde 36. Hapo ndipo kazi ya mpigaji inapoanza: tuba huipokea sol hiyo kutoka kwenye bafle (spika), huishikilia, kisha huwaachia tromboni na klarineti waipandishe.

Ugumu halisi, ambao msomaji wako hakuugusa, ni ulinganifu wa sauti. Pumzi ikipasha chombo moto, sauti hupanda. Ya kompyuta hubaki palepale. Mtunzi Edgard Varèse, katika kazi yake Déserts iliyopigwa Paris mwaka 1954, alivipokezanisha vyombo na kanda ya sumaku bila kuviliza pamoja. Mimi siwezi kufanya hivyo, kwa sababu nataka sauti ya mlima na ya tuba zikutane kabla moja haijanyamaza. Kwa hiyo, asubuhi zetu za baridi, wapigaji hupuliza kwanza dakika 20 ndipo tulinganishe (majirani wametuvumilia).

Kuhusu kazi kupotea: tunaye mpigaji tuba mmoja tu, na hakuna kifua kinachoweza kuishikilia sol ile kwa nguvu sekunde 36 kwa pumzi moja. Lazima wawe wawili, mmoja akivuta pumzi mwenzake apulize. Kama msomaji wako anamfahamu mpigaji asiye na fanfare, namwomba amlete kwetu.

Wako mtiifu,
Mtunzi wa fanfare, Goma